Kabla ya kumnunulia mwanao kiti cha magurudumu, pitia Kibuye

BARUA ya kumwita mwanao chuoni imefika. Vigelegele vimepigwa, kuku amechinjwa, na majirani wamekuja kuisoma barua hiyo kwa macho yao wenyewe. Usiku, wageni wakishaondoka, mnabaki wewe na mwenzako na swali moja. Kijana huyu asiyeweza kutembea, ambaye katika shule ya upili alikuwa akisukumwa na wenzake kwenye kiti kizito cha chuma, ataendaje bwenini hadi darasani, darasani hadi maktaba, na chuoni hadi steji ya matatu, akiwa peke yake?

Wengi hujibu kwa maneno mawili tu: kiti chepesi. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi, na nitakueleza kwa nini.

Binamu yangu mmoja alivunjika uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda muda mfupi baada ya kumaliza kidato cha nne. Alipopata nafasi ya chuo, wahisani fulani walimpa kiti cha alumini kilichotoka ng'ambo, chepesi, kinachong'aa. Sote tulikisifu, na mimi nikiwa wa kwanza. Muhula wa pili tairi la kulia likapasuka. Shangazi akapanda matatu hadi Kibuye, akanunua tairi lililoandikwa 24, kama lile kuukuu lilivyoandikwa, akampa fundi wa baiskeli. Fundi alihangaika nalo karibu saa nzima, kisha akamwambia: "Mama, hii si saizi ya hii ringi. Inakataa." Akajaribu jingine. Nalo likakataa.

Kwa wiki tatu kijana alikalia kiti cha kuazima, kipana, kisicho na mto. Kwa kuwa hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, hakujua kwamba ngozi ya makalio ilikuwa ikifa. Kidonda kilipogunduliwa kilikuwa kimekaribia mfupa. Aliahirisha masomo mwaka mzima.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa unatafuta kiti cha mwanafunzi, jiulize mambo matatu na si moja. Je, kinabebeka? Je, kinamtosha mwenyewe? Je, kikiharibika Jumatatu asubuhi, nani atakitengeneza kabla ya Jumanne?

UZANI

Kiti cha kawaida cha hospitali, kile cha chuma kinachokunjika katikati, huwa na uzani wa kilo 18 hadi 23. Mtindo wake ulianzia Marekani miaka ya 1930, wakati mhandisi wa migodi Herbert Everest, aliyekuwa amevunjika mgongo, na rafiki yake Harry Jennings walipounda kiti kinachoweza kukunjwa na kutiwa ndani ya gari. Kwa miongo mingi baadaye, karibu kila kiti duniani kilifuata mfano huo.

Mwaka wa 1978 mwanamke wa California aitwaye Marilyn Hamilton aliumia mgongo katika mchezo wa kuruka angani kwa mabawa ya kitambaa. Aliposhindwa kuvumilia kiti kizito alichopewa, marafiki zake wawili waliokuwa wakiunda mabawa hayo walimtengenezea kiti kwa mabomba yale yale ya alumini. Kilikuwa na takriban kilo 12. Viti vingi vyepesi vinavyouzwa leo ni wajukuu wa kiti hicho.

Siku hizi kiti cha alumini kinachokunjika aghalabu huwa na kilo 12 hadi 15. Kile chenye fremu ngumu isiyokunjika huwa na kilo 7 hadi 11.

Hata hivyo, usidanganyike na hesabu. Chukua kijana wa kilo 60 aliyekaa kwenye kiti cha kilo 20: jumla ni kilo 80. Mhamishie kwenye kiti cha kilo 11: jumla ni kilo 71. Kwenye sakafu laini tofauti hiyo si kubwa kama muuzaji anavyotaka uamini. Tairi lisilo na upepo wa kutosha humchosha kijana kuliko zile kilo tisa. Uzani wa kiti huhisiwa hasa kinapoinuliwa: kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara, kwenye ukingo wa barabara, kwenye buti ya matatu wakati makanga anataka kuondoka na abiria wanapiga kelele.

Na hapo kwenye matatu pana jambo la kuamua mapema. Kiti kinachokunjika huwa chembamba kikikunjwa, na huweza kusimamishwa nyuma ya viti vya abiria. Kiti cha fremu ngumu hakikunjiki, lakini magurudumu yake makubwa huchomoka kwa kubonyeza kitufe katikati, mgongo wake hulala, na kinachobaki ni fremu ndogo unayoweza kuipakata ndani ya tuktuk. Nimeona watu wakishindana kuhusu hili. Mimi naona kwamba mwanafunzi anayelala chuoni na kusafiri mara chache atafaidika na fremu ngumu, kwa kuwa ina viungo vichache vya kulegea na hakuna nguvu inayopotea anaposukuma. Anayepanda matatu kila siku ajaribu vyote viwili, tena kwenye matatu yenyewe na si dukani.

Ukiambiwa kiti kina kilo 9, uliza kama kilipimwa na magurudumu yake, vikanyagio vyake na mto wake. Wengine hupima fremu tupu. Ukiwa na shaka, wauza nafaka wana mizani.

VIPIMO

Kiti cha magurudumu ni kama kiatu. Hakuna anayemnunulia mtoto kiatu kwa kuangalia rangi tu, lakini kila siku watu hukalishwa kwenye kiti cha upana wa sentimita 46, ambao ndio upana wa kawaida wa kiti cha hospitali, hata kama wao ni wembamba kama fito. Mwembamba akikaa kwenye kiti kipana huegemea upande mmoja, uti wa mgongo hupinda, mfupa mmoja wa makalio hubeba mwili wote, na mikono hulazimika kutanuka ili kufikia magurudumu.

Kwa hiyo chukua futi ya fundi cherehani na umketishe kijana wima juu ya benchi gumu. Pima nyonga mahali zilipo pana zaidi. Huo ndio upana wa kiti. Ukiongeza, isizidi sentimita moja au mbili. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha utoe sentimita 3 hadi 6. Hicho ndicho kina cha kiti. Usipotoa, ukingo wa kiti utamchoma nyuma ya goti naye atateleza mbele. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, akiwa amevaa viatu anavyovaa kila siku, ili vikanyagio vifungwe panapostahili. Chini ya vikanyagio pabaki angaa sentimita 5 kutoka ardhini, la sivyo vitagonga kila jiwe.

Mgongo wa kiti unategemea nguvu za kiwiliwili. Anayeweza kujishikilia mwenyewe anatosheka na mgongo unaofika chini ya mbavu, na mabega yake yatakuwa huru kusukuma. Asiyeweza anahitaji unaofika chini ya mifupa ya mabega.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho wauzaji wengi hawakitaji, nacho ni mahali ilipo ekseli ya gurudumu kubwa. Kijana akiketi na kuning'iniza mikono, ncha za vidole zifike karibu na ekseli. Akiweka mkono juu kabisa ya gurudumu, kiwiko kijikunje kwa nyuzi kati ya 100 na 120. Ekseli ikiwa nyuma sana, uzani wote huangukia vigurudumu vidogo vya mbele, navyo huzama mchangani na kumlazimisha kusukuma kwa nguvu za punda. Ikisogezwa mbele, kiti huwa chepesi mkononi na ni rahisi kuinua vigurudumu vya mbele ili kuvuka shimo. Ikisogezwa mbele kupita kiasi, kiti hupinduka kinyumenyume. Waliokatwa miguu yote miwili wanahitaji ekseli iliyo nyuma zaidi, kwa sababu hawana uzani wa miguu wa kukizuia kiti kisianguke.

Ndiyo sababu mwongozo uliotolewa nchini Marekani mwaka wa 2005 kuhusu kuhifadhi mikono ya watu waliopooza unashauri mambo yanayokwenda pamoja: kiti kiwe chepesi iwezekanavyo, na ekseli yake iweze kusogezwa. Anayetumia kiti hutembea kwa mabega, na mabega hayakuumbwa kwa kazi hiyo. Kijana wa miaka 20 hahisi kitu. Akifika 40 yakiwa yameharibika, hawezi tena kujihamisha kutoka kitandani. Afundishwe tangu mwanzo kusukuma kwa mikupuo mirefu na ya polepole, si kugonga gurudumu haraka haraka.

Usisahau milango. Kiti chenye upana wa sentimita 40 mahali pa kukalia huwa na upana wa karibu sentimita 60 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Nenda bwenini na futi yako kabla ya kulipa, uanzie mlango wa choo na bafu. Ukiona haupiti, mwone mkuu wa mabweni mapema, wakati vyumba bado havijagawanywa.

MTO

Sehemu hii ningependa uisome mara mbili kama mwanao hana hisia kwenye makalio. Mfupa ukigandamiza ngozi kwenye kitu kigumu, damu haipiti. Mwenye hisia huwashwa na kujigeuza bila hata kufikiri. Asiye na hisia hubaki palepale. Dalili huweza kuanza kwa saa chache tu: doa jekundu, au jeusi zaidi kwa ngozi zetu, lisilofifia hata baada ya kuondolewa uzito. Kidonda hicho huchukua miezi kupona, na kikiingia kwenye mfupa au damu kinaweza kuua.

Kitambaa cha kiti si mto. Kipande cha sponji la godoro si mto pia, kwa kuwa hulala chapati baada ya wiki chache. Anahitaji mto uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye shimo au mteremko wa kupokea mifupa ya makalio, na wenye foronya inayofulika.

Kuna njia rahisi ya kuupima inayofundishwa na Shirika la Afya Duniani. Kijana akiwa ameketi, pitisha vidole chini ya mfupa wa kalio, kiganja kikiangalia juu. Ukiweza kuchezesha ncha za vidole juu na chini kwa milimita 5 au zaidi, mto ni salama. Ukishindwa kuzichezesha lakini vidole vikatoka kwa urahisi, jihadhari. Vikibanwa hadi uvute kwa nguvu, usimruhusu kukalia mto huo. Pima kalio la pili pia. Hata kwenye mto mzuri, ainame mbele au alalie upande kwa dakika moja au mbili kila baada ya nusu saa, hata kama mhadhiri anamwangalia vibaya.

KIBUYE

Sasa twende sokoni. Soko la Kibuye, kandokando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, hujaa zaidi siku ya Jumapili, lakini kwa shughuli hii nenda siku ya kazi, mafundi wakiwa na nafasi ya kuongea. Nenda kabla ya kununua kiti. Ukishanunua umechelewa.

Swali la kwanza ni la tairi. Namba 24 iliyomponza shangazi yangu haimaanishi kitu kimoja. Tazama ubavuni mwa tairi utaona namba nyingine ndogo zenye kistari katikati. Tairi la kawaida la kiti cha magurudumu, lile la 24 x 1 3/8, limeandikwa 37-540. Tairi la baiskeli ya milimani ya vijana, la 24 x 1.75, limeandikwa 47-507. Namba ya pili ni kipenyo cha ringi kwa milimita. Kati ya 540 na 507 pana milimita 33, na hakuna fundi, hata awe hodari namna gani, atakayezifuta kwa bisibisi. Yale matairi ya 28 ya Black Mamba nayo ni 635.

Kwa hiyo nakili namba hizo kwenye karatasi, zunguka kwa wauza vipuri, uliza. Yakipatikana matairi na tyubu, vizuri. Yasipopatikana, una njia mbili: uchague kiti chenye ringi za baiskeli, au ununue matairi mawili na tyubu nne za akiba siku ile ile unayonunua kiti. Matairi magumu yasiyojazwa upepo hayapati pancha, ni kweli, lakini hukitetemesha kiti kwenye murramu na kukiongezea uzani.

Swali la pili ni la beringi. Nazo zina namba. Beringi ya 6001 ina tundu la milimita 12. Viti vingi vya Marekani hutumia ekseli ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukufanya urudi nyumbani mikono mitupu. Beringi za vipimo vya milimita ndizo rahisi kupata kwa wauza vipuri vya pikipiki.

La tatu ni fremu. Fundi wa jua kali anayechomelea milango ya chuma na fremu za vitanda ataweza kuchomelea kiti cha chuma kilichovunjika, tena ukisubiri. Alumini si hivyo. Huhitaji mtambo mwingine na gesi ya agoni, na hata ikichomelewa vizuri, sehemu iliyopata moto hubaki dhaifu. Kiti cha chuma kilichoundwa kwa mabomba membamba kinaweza kuwa kizito kwa kilo tatu au nne, lakini kikawa barabarani wakati cha alumini kimelala chini ya kitanda. Kwa anayeishi Manyatta au Nyalenda, ambako mvua ikinyesha udongo mweusi hunata kama ugali usioiva, mimi ningefikiria chuma kwa uzito kabla ya kukikataa.

Na vigurudumu vya mbele? Vile vidogo vya plastiki, vya inchi nne au tano, ni vya sakafu ya hospitali. Huingia kwenye ufa wa lami na kumrusha mtu mbele. Mhandisi Mmarekani Ralf Hotchkiss, aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka wa 1966, alitumia miaka mingi kubuni viti pamoja na mafundi wenye ulemavu katika nchi zenye barabara kama zetu. Viti vya aina yake iitwayo RoughRider vina vigurudumu vipana vya mpira mbele, vilivyosogezwa mbali na magurudumu makubwa ili kiti kisipinduke, na magurudumu makubwa yenyewe huvaa matairi ya baiskeli. Si kiti chepesi kuliko vyote. Lakini ukikiona kikivuka mtaro utaelewa. Mahali kama Maseno, penye miinuko na mawe, jambo hilo si dogo.

Mwulize fundi pia kama boliti zinafunguliwa kwa spana za kawaida. Akikunja uso, na wewe ukunje wako.

KUPIMWA NA FEDHA

Usifanye haya yote peke yako. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado tunaiita Russia, haiko mbali na Kibuye. Mwone mtaalamu wa tiba ya viungo apime kabla hujalipa, na arudi kupima kiti kikishafika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2008 kuhusu viti hivi katika nchi zisizo na uwezo mkubwa unasema wazi kwamba kumkabidhi mtu kiti bila kumpima, kumrekebishia na kumfundisha si huduma iliyokamilika. Hata kiti cha msaada kina haki ya kukataliwa. Najua ni vigumu kumwambia mhisani aliyekuja na kamera kwamba kiti chake ni kipana, lakini sema, tena kwa adabu: "Tunashukuru sana, je, mna chenye upana wa sentimita 38?"

Chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka wa 1958, kimetengeneza viti kwa miaka mingi katika karakana yake ya Nairobi, na vipuri vya kiti kilichoundwa nchini havihitaji kungojewa bandarini. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo hupokea maombi ya vifaa na ya karo kupitia ofisi zake za kaunti. Kijana awe amesajiliwa, na maombi yapelekwe mapema, si wiki ya kufungua chuo. Kwenye fomu usiandike tu "kiti cha magurudumu". Andika upana, kina, urefu wa mgongo, saizi ya tairi, na mto. Usipouandika mto hautaletwa.

Binamu yangu alirudi chuoni mwaka uliofuata. Kiti chake cha sasa ni cha chuma, kina kilo 16, na rangi yake imeanza kubanduka. Nyuma ya mgongo wake huning'inia mfuko wa turubai wenye tyubu mbili, viraka, gundi, pampu ndogo na spana. Shangazi huukagua kila anapokuja nyumbani, kabla hata ya kumuuliza kuhusu mitihani.